Binti kachaguliwa fomu wani ila kuripoti tu karibu laki tatu: shule ya kata, praiveti, au aende Dar?

Swali nimelifupisha kidogo: "Kamwene mtaalamu. Niko Kilolo upande wa Dabaga, mume alishafariki, nina watoto watatu na nalima mahindi na maharage, viazi kidogo. Wa kwanza ni binti wa miaka 14, kamaliza la saba mwaka huu na amechaguliwa shule ya kata ila iko mbali, kama kilomita 9. Tunaambiwa elimu bure lakini nimepiga hesabu kuripoti tu ni 290,000. Shemeji yangu anasema nimpe aende naye Dar kwa rafiki yake akafanye kazi za ndani, 60,000 kwa mwezi, nyumbani zitumwe 40,000. Kikundi chetu cha VICOBA wako tayari kunikopesha milioni moja nimpeleke praiveti, riba asilimia 10 kwa mwezi. Wa pili yuko la nne na kusoma bado kunamshinda, wa mwisho hajaanza. Na nikiangalia vijana waliomaliza fomu foo hapa kijijini wapo tu, wengine bodaboda. Kiuchumi kipi kinalipa?"

Kamwene mama, pole na majukumu. Naanza na jibu halafu ndo nieleze, maana najua Desemba hii muda huna. Dar asiende. Milioni ya VICOBA usiiguse. Binti aripoti shule ya kata, na hiyo 290,000 tunaishusha hapa chini mpaka karibu nusu kwa wiki ile ya kwanza. Ila anayenitia wasiwasi zaidi kwenye swali lako sio huyo binti, ni huyo wa la nne uliyemtaja kwa mstari mmoja tu, nitamrudia.

Kwanza hii habari ya elimu bure. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ya sekondari mpaka kidato cha nne ikafutwa Januari 2016, ya kidato cha tano na sita ikafuata 2022. Sasa ukiangalia ada yenyewe iliyofutwa sekondari za kutwa ilikuwa 20,000 kwa mwaka. Elfu ishirini mama! Kwa mtu anayelima heka moja na nusu ni hela, sikatai, ila haijawahi kuwa ndo gharama kubwa ya kumsomesha mtoto. Sare, viatu, madaftari, chakula cha mchana, matibabu na pa kulala vilibaki kwa mzazi tangu siku ya kwanza, na waraka wenyewe wa serikali ulisema hivyo waziwazi, sema kwenye majukwaa lilisikika neno "bure" peke yake.

Na kuna gharama nyingine ambayo haina risiti kabisa, ni ile kazi ambayo binti angekuwa anafanya. Mwezi wa kwanza huko kwenu ni palizi na mbolea ya kukuzia, mikono miwili ikiondoka shambani unaisikia. Sisi wachumi tunaihesabu kama gharama kamili ya shule na mara nyingi kwa kaya za chini ndo kubwa kuliko zote, kwa hiyo mzazi anayesita kumpeleka mtoto mimi simwiti mjinga wala mkorofi, hesabu yake ina mantiki, sema imeishia mwezi wa pili mbele.

Sasa hiyo 290,000. Umeniandikia: sare pea mbili na sweta 110,000, viatu na begi 45,000, madaftari na kalamu 35,000, mchango wa mpishi 20,000, halafu godoro, ndoo na sanduku la geto, yaani chumba cha kupanga karibu na shule, 80,000. Mahindi na maharage ya chakula hujayahesabu kwa sababu yanatoka ndani, sawa.

Kinachotakiwa kweli siku ya kuripoti ni mtoto mwenyewe. Kila Januari maelekezo yanayotolewa na serikali ni yale yale, kwamba mtoto asirudishwe nyumbani kwa kukosa sare au mchango, na fomu wani wanapokelewa hata na sare za shule ya msingi. Najua wapo walimu wanaokaza, ila ukienda mwenyewe ukaongea na mkuu wa shule mapema kabla ya ile siku ya foleni, mambo mengi yanalegea. Kwa hiyo: pea moja mpya na sweta, 65,000, na sweta usibane, baridi ya kwenu unaijua. Pea ya pili tafuta kwa binti aliyemaliza fomu foo shule hiyo hiyo, wengi wanaachia kwa elfu kumi. Viatu 25,000, begi atumie la zamani. Madaftari usinunue yote ya masomo yote, kaunta buku tano za kuanzia 15,000 zinatosha mpaka ratiba itulie maana mwanzoni wanakuwa kwenye ile kozi ya Kiingereza. Mpishi omba ulipe nusu, 10,000. Jumla 125,000. Godoro linatoka nyumbani, wadogo wabanane kidogo.

Nakomaa na hii hesabu ndogo kwa sababu hapa ndo watoto wa kaya maskini wanapodondokea. Mwaka wa shule unaanza Januari na Januari ndo mwezi mbaya kuliko yote Nyanda za Juu Kusini, mahindi umeuza Julai na Agosti bei ikiwa chini, Novemba hela imeingia kwenye mbegu na mbolea, Desemba sikukuu, halafu fomu ya kujiunga inakukuta huna hata mia. Mwezi wa saba mama huyo huyo angeweza kulipa bila shida.

Kuna utafiti ulifanyika Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, kuanzia 2005, naupenda sana kwa hili. Familia za kipato cha chini zililipwa hela kwa sharti mtoto ahudhurie shule. Kundi moja walipewa yote kila baada ya miezi miwili. Kundi lingine jumla yao ni ile ile, ila sehemu kama theluthi ilishikiliwa ikatolewa wakati wa kuandikisha mwaka unaofuata. Mahudhurio yalipanda kote, lakini walioendelea na shule mwaka uliofuata walikuwa wengi zaidi kwenye hilo kundi la pili. Hela ni zile zile, kilichobadilika ni siku ya kuzipokea. Ndo maana nawaambiaga watu wa miradi wanaokuja hapa Iringa na mabegi ya msaada mwezi wa tano: mnachelewa au mnawahi, moja kati ya hayo.

Kwa Januari hii umeshachelewa kuweka akiba, kwa hiyo hiyo 125,000 itoke wapi? Kama una kuku au maharage gunia moja uza hicho. Kama lazima ukope VICOBA, kopa laki moja, sio milioni, na uwe umeilipa ndani ya miezi miwili, riba yake inakuwa elfu ishirini basi. Na shemeji, nitamfikia.

Kilomita 9 sasa. Kwa milima ya Kilolo hayo ni masaa mawili kwenda na mawili kurudi, mvua za masika juu, hawezi kufanya hivyo miaka minne akabaki na akili ya kusoma jioni. Jimbo la Bihar kule India waliwapa wasichana baiskeli kuanzia 2006 na walioandikishwa sekondari wakaongezeka kwa asilimia 32 hivi, ila Bihar ni tambarare, kwenu baiskeli utaisukuma kwenda na utaisukuma kurudi. Kwa hiyo inabaki hosteli kama shule inayo, au ndugu, au geto. Geto naliogopa mama na nitasema wazi, wasichana wawili watatu wa miaka 14 kwenye chumba cha elfu kumi na tano kwa mwezi, hakuna mtu mzima, chakula kikiisha Alhamisi anatokea mtu wa bodaboda mwenye chipsi. Mimba nyingi za shule za kata zinaanzia kwenye njaa ya namna hiyo. Kama hakuna hosteli, tafuta mama mtu mzima karibu na shule, wa kanisani kwenu au ukoo, binti alale kwake na wewe upeleke mahindi debe na kuni badala ya kodi. Ni nafuu na ni salama. Na ikitokea bahati mbaya akapata ujauzito, tangu Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi shule baada ya kujifungua, sio mwisho kama zamani, hilo ulijue tu usije ukamficha.

Habari ya Dar. Nisiidharau hiyo hela, 40,000 mara miezi 12 ni 480,000, kwa nyumba yako ni kubwa na anayekuambia ni ya kipuuzi hajawahi kulala na watoto wenye njaa. Ila niambie, umeshaona dada wa kazi aliyeanza na elfu 60 akiwa na miaka 14, akifika 20 analipwa ngapi? Ile ile, labda 80 akipata bosi mzuri. Ni kazi ambayo uzoefu hauongezi mshahara. Halafu wewe ni mtu wa Iringa, unajua mabinti wangapi wameondoka Ipogolo na basi la asubuhi na hela ya nyumbani ikafika miezi minne, wa tano simu haipatikani. Kisheria pia haijakaa sawa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kabisa chini ya miaka 14, na akishafika 14 ni kazi nyepesi tu isiyomzuia kusoma, kulala kwa bosi na kuamka saa kumi na moja sio kazi nyepesi. Na mtoto aliyechaguliwa asiporipoti mtendaji wa kata atakuja kugonga kwako, hataenda kwa shemeji.

Shemeji kama nia yake ni kusaidia, mwambie hivi kwa upole: huyo rafiki yako aliyekuwa tayari kutoa 60,000 kila mwezi, wewe nipe hiyo ya miezi miwili tu, mtoto anaripoti. Akianza kujiumauma utajua alikuwa anasaidia nani.

Praiveti. Shule nyingi za praiveti zenye matokeo mazuri zinachuja watoto mlangoni na zinawapunguza njiani, kwa hiyo sehemu kubwa ya division wani unazoona kwenye mabango zinatokana na nani aliingia na nani alibaki. Zipo zinazofundisha vizuri kweli, ila milioni moja inakununulia mwaka mmoja, pengine haumaliziki, na sekondari ni miaka minne. Riba ya asilimia 10 kwa mwezi ni laki moja kila mwezi kabla hujagusa deni lenyewe, yaani ndani ya miezi mitatu umelipa riba ya 300,000, zaidi ya ile 290,000 iliyokuwa inakutisha. Nimeona watoto wakitolewa praiveti fomu tuu katikati ya muhula mzazi ameishiwa, wanarudi kata wakiwa wamevurugika kuliko wangeanzia huko. Mkopo wa aina hii ni wa kununua mbegu za viazi uuze baada ya miezi mitatu, sio wa kulipia shule itakayorudisha hela baada ya miaka kumi.

Halafu hao vijana wa bodaboda. Swali hili naulizwa kila sehemu, Makambako, Mbalizi, Tukuyu, kote. Kwanza unaowaona kijijini ni waliobaki kijijini. Yule aliyemaliza fomu foo akaenda uuguzi, yule aliyejiunga na VETA Iringa akajifunza umeme sasa yuko saiti Dodoma, yule mwalimu wa Mbarali, hawapo kijiweni uwahesabu, wanaonekana Krismasi. Ukipima faida ya shule kwa kuangalia kijiweni lazima upate jibu la kijiweni. Dunia nzima kwa wastani kila mwaka wa ziada wa shule unaendana na kipato cha juu kwa kama asilimia 9, ila wastani una uongo wake, maana mtoto aliyekaa miaka minne akapata ziro na aliyetoka na D nne wote wanahesabiwa wamesoma miaka ile ile. Hizo D nne ndo mpaka wenyewe. Ukiwa nazo unaingia vyuo vya kati, astashahada na kuendelea, ukizikosa milango mingi imefungwa na unabaki na ufundi na jembe, ambavyo navyo sio vibaya ila ungeweza kuvipata bila kukaa miaka minne darasani.

Mwambie binti hayo waziwazi kwa namba. Jamhuri ya Dominika kuna mtafiti aliwauliza wavulana wa darasa la nane wanadhani aliyemaliza sekondari anapata mshahara kiasi gani, wakataja chini sana kuliko hali halisi, kwa sababu mtaani kwao walikuwa wanawaona wale wale waliobaki. Baadhi wakaambiwa takwimu za kweli, hivyo tu, na kwa miaka minne iliyofuata wakakaa shuleni muda mrefu kuliko wenzao wasioambiwa. Waliosogea zaidi ni wale ambao kwao sio maskini wa kutupwa, maskini kabisa walibadilisha mawazo lakini hela hawakuwa nayo. Ndo maana nilianza na 125,000 kabla ya hotuba.

Sasa huyu wa la nne.

Mtoto asiyeweza kusoma Kiswahili vizuri darasa la nne ana upimaji wa taifa mwaka huo huo, na akivuka hivyo hivyo anakuja kukutana na fomu wani ambapo masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Anakaa pale anakopi ubaoni miaka minne. Huyo ndo ziro ya baadaye na imeshaanza kuandikwa sasa hivi, na kwake elfu kumi ya leo inafanya kazi kuliko laki moja utakayotoa 2030 kwa tuisheni ya kukimbizana na mtihani.

Usitegemee shule peke yake. Ruzuku ya shule ya msingi ni 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na humo 4,000 ni ya vitabu inashikwa juu. Shule ya watoto 400 inabaki na 2,400,000, yaani laki mbili kwa mwezi kwa chaki, karatasi, mitihani, ukarabati na kila kitu. Na hata hela ikiongezwa haijifundishi yenyewe. Kati ya 2013 na 2014 hapa hapa Tanzania lilifanyika jaribio la KiuFunza, shule 350 kwenye wilaya kumi. Shule zilizopewa 10,000 kwa mtoto moja kwa moja, baada ya miaka miwili watoto wao hawakuwa wamewapita wengine kwenye kusoma na hesabu. Walimu waliopewa bonasi kwa kila mtoto anayejua kusoma, bila hela ya shule, matokeo mchanganyiko. Zilizopata vyote viwili ndo zikapanda kweli kweli. Hela ilitaka mtu mwenye sababu ya kukaa na mtoto mpaka ajue.

Na wewe mtu huyo unaye ndani! Binti yako kamaliza la saba Septemba, yuko nyumbani mpaka Januari. Nusu saa kila jioni amkalishe mdogo wake na kitabu cha darasa la pili, ndiyo la pili, sio la nne, aanzie anapoweza na apande kidogo kidogo. Watoto wakipangwa kwa kiwango wanachosoma badala ya darasa walilopo wanapanda haraka, India wamelifanya hili kwa mamilioni ya watoto na linafanya kazi hata kwa vijana wa kujitolea wasio walimu. Shule ikifungua nenda muone mwalimu wake wa darasa, muulize swali moja, mwanangu anasoma aya ya darasa la ngapi? Sio "anaendeleaje", utaambiwa anaendelea vizuri.

Vitu viwili vidogo nivipitishe haraka. Kama kaya yako iko TASAF, ule mpango wa serikali wa ruzuku kwa kaya maskini, hakikisha jina la huyo binti linahamishiwa sekondari, sharti la mahudhurio ni asilimia 80 na wakikuta hayupo kwenye rejista ya shule yoyote unakatwa. Kama haumo, muulize mtendaji wa kijiji lini wanahakiki tena. Na kikundi chenu cha VICOBA mkisajiliwa halmashauri kama kikundi cha wanawake mnaweza kuomba ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, haina riba, ilisimamishwa 2023 ikarudishwa mwaka uliofuata, ni ya biashara sio ya shule, lakini ukikopa huko mtaji wa viazi, hela yako mwenyewe ya viazi inabaki kwa ajili ya shule.

Mwezi wa saba ukivuna, kabla mnunuzi hajafika na mizani yake, tenga debe za chakula cha shule za muhula wa Januari uzifunge kwenye mifuko ile ya kuzuia dumuzi, uziandike jina la mtoto. Halafu uza gunia moja mapema, hela yake ikae kwa mtunza hazina wa kikundi kwa makubaliano kwamba haitoki mpaka wiki ya kwanza ya Januari, hata ukienda kulia. Waambie na wenzako, mkiwa watano mnaofanya hivyo hakuna atakayeona aibu kumnyima mwenzake.